Pombe Nyeusi ya Mama Rhoda

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Hapana, nakosea. Tisini na sita ndio mwaka meli ilipozama ziwani, na habari za meli zilitufikia Philomena akiwa ameshaondoka pale machimboni. Basi ni tisini na tano, mwaka wa uchaguzi, kwa sababu nakumbuka picha za wagombea zilibandikwa hata kwenye vibanda vyetu vya maturubai, na mvua ya vuli ilipokuja ikazibandua zote. Mvua hiyo nitaifikia. Nianze na mwanamke mwenyewe.

Philomena alizaliwa Ushetu, kwa wakulima wa tumbaku. Asiyejua tumbaku nimweleze kidogo. Majani yakishachumwa huning'inizwa ndani ya bani, nyumba ndefu ya tope isiyo na madirisha, na moto huwashwa pembeni, joto likapita ndani siku tano au sita bila kuzimika. Moto ukizidi, jani linaungua. Ukipungua, linaoza likiwa bado kijani, na mwaka mzima wa jembe unakwenda na maji. Baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi moshi, kwa hiyo kazi ya kukaa na moto ilimwangukia binti akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliniambia hakuwahi kutumia kipimo. Alikuwa akiweka kiganja kwenye ukuta wa bani, anakiacha pale kama mtu anayempima mtoto homa, kisha anaongeza gogo au anaondoa gogo. Basi kabla ya kujua kitu kingine chochote, yule mama alijua moto.

Alipokuwa msichana mkubwa alipelekwa Kahama kufanya kazi za ndani kwa Liaquat, mwenye duka la vyakula na nguo. Mke wa Liaquat aliitwa Gulnar. Alikuwa mama mfupi, mwenye sauti, na jikoni kwake hapakuwa na mchezo. Sikukuu zilipokaribia walikesha wakikoroga halua, wakikaanga ufuta, wakisaga iliki na kungumanga, na Gulnar alikuwa akimsukumia Philomena chombo puani, anamwuliza, "Kimepungua nini?" Asipojibu sawasawa, anarudishwa kusaga upya. Alikaa katika nyumba ile miaka saba. Alitoka akiwa na pua ambayo sijaona mtu mwingine anayo.

Alitoka kwa sababu ya Ngusa. Ngusa kwao ni Didia, kama mimi. Mama yake na mama yangu walichota maji kisima kimoja. Alikuwa kijana mrefu, mpole, anayecheka bila sauti. Walioana, wakapata binti, Rhoda, na Ngusa akasikia habari za dhahabu kama tulivyosikia wote. Mtoto wakamwacha Ushetu kwa bibi yake, wao wakaja porini, ng'ambo ya Runzewe kuelekea Geita, mahali palipoitwa Kwa Marselino. Marselino alikuwa mwenye maduara matatu. Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu, linakwenda chini wima kama kisima halafu linageuka kufuata jiwe lenye dhahabu. Ngusa alichimba, Philomena akapika pombe ya mtama kama wanawake wengine wengi pale.

Mimi nami nilikuwa pale, baada ya kuzunguka sana: nimekuwa kwenye kinu cha pamba, nimekuwa kibarua wa reli, nimechunga ng'ombe za watu. Waliniita Baba Sikujua.

Siku moja walipita Wazungu waliokuwa wanapima mawe, wakaacha chupa ya bia nyeusi iliyobaki nusu. Vijana waliionja wakaitema. Philomena akaiomba. Aliinusa, akanywa kidogo, akaishika mdomoni muda mrefu.

"Hii ni nafaka iliyokaangwa," akasema. "Wameikaanga vizuri, halafu wameishia njiani."

Ngusa akamwuliza, "Wangefika wapi?"

"Wangefika kwenye halua."

Tulicheka, na mambo yakaishia hapo.

Mwezi wa nne, masika yakiwa makali, duara la pili la Marselino liliporomoka. Watu wanne walikuwa chini. Watatu walivutwa kwa kamba. Ngusa alikuwa amekwenda mbele zaidi, kwenye ubavu, na kifusi kilijaa kikamfungia huko. Maji yakafuata. Hakuna aliyeweza kufanya lolote. Marselino akaweka magogo juu ya mdomo wa duara, akasema limefungwa, na kwa desturi ya machimbo duara likifungwa na mtu ndani huhesabiwa kuwa ni kaburi.

Lakini huko Didia mama yake Ngusa alikataa. Philomena alikwenda kumpelekea habari, mimi nikamsindikiza. Yule bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Yuko wapi?"

"Yuko huko chini, mayu," akamjibu; mayu ni mama kwa Kisukuma.

"Basi mlete. Mimi silii mtu ambaye sijamwona. Mwanangu yuko safarini."

Hakuketi chini, hakukubali majirani waje kulala msibani, hakunyoa. Kila jioni alimwekea mwanawe chakula chini ya kawa. Nawaambia kuona sahani ile ilikuwa vigumu kuliko kuona jeneza. Philomena aliiona siku tatu, siku ya nne akaniambia njiani, "Baba Sikujua, nitamtoa. Hata kama ni mifupa, nitaileta aione, alie, apumzike."

Hilo tu ndilo alilolitaka, tangu siku ile hadi mwisho.

Tulingoja maji yakauke. Mwezi wa nane alikwenda kwa Marselino.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Rhoda. Pole na matatizo. Ila kama ni habari ya lile duara, tumeshaongea."

"Nataka lifunguliwe."

"Na nani? Wewe huwezi hata kukaribia, unajua mwiko. Mwanamke akifika mdomoni pa duara, jiwe linakimbia. Na vijana wangu wanachimba kwa mgao wa mawe. Kule hakuna jiwe, kuna kifusi. Nani atachimba kifusi bure?"

"Nitawaita kwa pombe."

Marselino akacheka, si kwa ubaya. "Hapa unadhani ni shambani kwenu?"

Lazima nieleze. Kwetu vijijini mtu mwenye kazi kubwa, ya kulima au ya kupura mtama, anapika pombe na kuwaita watu. Wanafanya kazi kutwa, jioni wanakunywa mtungi mpaka uishe. Mtungi ukiisha, shughuli ya siku imeisha. Kama kazi bado, anapika tena, anaita tena. Hakuna anayelipwa na hakuna anayemdai mwenzake. Machimboni jambo hilo hakuna aliyelifanya, kwa sababu machimboni kila mtu ni mgeni. Lakini Marselino mwenyewe alizaliwa kijijini, na nadhani aliona haya.

"Jumapili tu," akasema. "Siku nyingine watu wana kazi zangu. Nguzo za miti nitatoa."

Jumapili ya kwanza alipika pombe ya mtama ya kawaida. Walikuja watu wanne, na mmojawapo ni mimi. Tulitoa magogo na kuchimba hadi magotini. Wengine walipita wakienda kwenye vibanda vya bia. Kulikuwa na jamaa mmoja, Ignas, mtu wa Kibondo, mdomo wake ulikuwa haufungwi. Alisimama mbele ya Philomena akavua kofia.

"Mama Rhoda, shikamoo. Sisi tunakuonea huruma, Mungu anajua. Lakini pombe hii hata kwetu nimeikimbia. Mtu ametoka Kibondo mpaka huku anywe uji?"

Watu wakacheka. Philomena hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama tu, kama anayesikiliza jambo la maana. Kesho yake alipanda lori la mbao kwenda Kahama.

Mambo ya huko alinisimulia mwenyewe. Gulnar alimkumbatia, akamlilia Ngusa, akamlisha. Kisha Philomena akataja vitu anavyovitaka: iliki, kungumanga, sukari guru, nazi kavu, tende. Gulnar alianza kufungua makopo, mkono ukasimama.

"Vingi hivi, una harusi?"

"Sina harusi, Mama."

"Unafanya nini navyo?"

"Pombe."

Gulnar akafunga kopo. Ile ni nyumba ya Kiislamu, pombe haitajwi. Kisha akauliza pombe hiyo ni ya nini, na Philomena akamweleza habari ya sahani ya Didia. Gulnar alisikiliza mpaka mwisho. Akafungua kopo tena, akaanza kupima.

"Sikusikia neno ulilosema," akamwambia. "Umesema unapika nini?"

"Halua, Mama."

"Haya. Halua ya watu wangapi?"

"Wachimbaji thelathini."

"Basi iliki hiyo haitoshi, ongeza. Na mafuta ya nazi uyakamue, nilikufundisha. Ukiacha mafuta, kitu kinalala, hakipandi juu."

Aliporudi, Jumatatu iliyofuata nilimwona akianza kazi, kwa kuwa kibanda changu kilitazamana na chake. Kimea ni mtama ulioloweshwa, ukaota, ukaanikwa. Kila mpika pombe anacho. Yeye alichukua robo ya kimea chake akaanza kukikaanga kwenye sinia la chuma, moto mdogo sana, tangu asubuhi mpaka jua la utosini. Alikuwa hatazami sinia. Alikuwa ameweka kiganja karibu na ubavu wake, akiondoa kijiti, akirudisha kijiti. Kimea kikawa cheusi kama kahawa lakini hakikunuka kuungua. Akakisaga, akakichanganya na kile kisichokaangwa, akapika, akapooza, akatia chachu. Siku ya pili akavunja sukari guru mapande mapande akaitia ndani. Iliki hakuitia mpaka Jumamosi jioni. Nilimwuliza kwa nini anangoja.

"Harufu ina miguu," akasema. "Nikiitia mapema itakuwa imeshaondoka."

Jumapili ile mtungi ulipofunguliwa, povu lilipanda juu, rangi ya chai ya maziwa, nene kiasi kwamba ungeweza kuweka njiti ya kiberiti isizame. Chini yake palikuwa peusi kabisa. Alituambia haitanywewa mpaka kazi ifanyike, ila kila mtu aonje kifuniko kimoja. Ignas alionja. Akanyamaza. Nilikuwa sijawahi kumwona amenyamaza.

"Mama Rhoda," akasema baadaye, "hii umeitoa wapi?"

"Kachimbe kwanza, utaambiwa."

Walichimba watu ishirini na mbili siku ile. Sita chini, wengine kwenye kamba na ndoo. Kifusi kilikuwa laini juu, na watu walikuwa na ari. Tulishuka pima tatu, kila pima urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kutoka mdomoni mpaka pale Ngusa alipokuwa palikadiriwa pima kumi na mbili, kwa hiyo kila mwenye vidole aliona kwamba Jumapili nne zitatosha.

Kwa kuwa Philomena hakuruhusiwa kukaribia, alikaa kwenye kivuli cha turubai mbali kidogo, mtungi pembeni. Jioni mimi nilikuwa nashusha kamba mpaka chini ya shimo, napiga fundo, nampelekea. Aliivuta kamba ile mikononi, pima kwa pima, tangu mwanzo mpaka fundo. Halafu aliikunja akaiweka mapajani na kuanza kugawa pombe.

Jumapili iliyofuata alipika ya nazi na karanga. Nazi aliikaanga mpaka ikawa nyekundu, akaifunga kwenye kitambaa na kuikamua mafuta yote, karanga vilevile. Ilikuwa kama kunywa kashata. Watu walifika zaidi ya thelathini. Tulichimba pima mbili na nusu. Ignas alikaa na kibuyu chake, akatikisa kichwa.

"Wazungu wana bia nyeusi, wanaiuza ghali Mwanza. Nimeinywa. Ile ukilinganisha na hii ni maji ya kuoshea buti. Jamani, huyu mama angekuwa Ulaya wangemjengea ghorofa."

"Kunywa unyamaze," Philomena akamwambia, na kwa mara ya kwanza tangu masika nilimwona ametabasamu. "Jumapili ijayo nitatia tende na kahawa."

"Kahawa ndani ya pombe? Si tutalewa huku tuko macho?"

"Ndivyo ninavyowataka."

Kahawa ile hakuichemsha. Aliiponda, akailoweka kwenye maji baridi tangu Ijumaa, akasema ikichemshwa itakuwa chungu na tende zitaonewa. Nimekunywa vinywaji vingi katika kuzunguka kwangu, na bado sijakutana na kitu kama kile. Kilianza kama kahawa, kikapita katikati kama moshi, kikaishia kwenye tende, na utamu ulibaki kooni mpaka unalala.

Siku ile tulishuka pima mbili. Niliona ni kidogo, nikasema moyoni kifusi kimeanza kuwa kigumu.

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Jumapili ya nne ya pombe nyeusi nilikuwa chini, mmoja wa wale sita. Ilikuwa bado saa nane mchana. Kifusi hakikuwa kigumu. Kilikuwa kinyevu kidogo, koleo lilikuwa linaingia. Juu walikuwa wanachelewesha ndoo. Tukasikia mtu anasema, hata leo sijui ni nani, "Wenyewe mbona mna haraka? Tukimaliza, nani atatupikia?" Watu wakacheka, wa juu na wa chini. Nami nilicheka. Hakuna aliyepanga kitu, hakuna aliyekaa akasema tufanye hivi. Ila baada ya kicheko kile mikono ikalegea. Mmoja akakaa akawasha sigara. Mwingine akasema nguzo ile inahitaji kutazamwa vizuri, na tukaitazama kwa muda mrefu sana.

Fikirieni ile sheria ya mtungi. Kijijini inafaa, kwa sababu shamba likiisha leo, kesho wewe ndiye utaita, na mimi nitakuja kunywa kwako. Pale machimboni hapakuwa na kesho ya namna hiyo. Palikuwa na mtungi mmoja tu mtamu kuliko vitu vyote vya porini, na mtungi huo ungeishi kadiri kazi itakavyoishi.

Tulipiga pima moja na nusu. Nilimpelekea kamba. Akaivuta mikononi, akafika kwenye fundo, akarudi nyuma akaivuta tena.

"Leo mmepata kidogo, Baba Sikujua."

"Kifusi kimekaza, Mama Rhoda."

"Kimekaza?"

"Kimekaza kama mwamba."

Nilimdanganya. Sikuwa na sababu ya kusema neno lile zaidi ya kwamba kibuyu kilikuwa mkononi, na ile ya siku hiyo ilikuwa ya halua yenyewe, iliki na kungumanga na uzi mmojammoja wa zafarani aliyopewa na Gulnar. Akaniamini, au nilidhani ameniamini. Akasema taratibu, "Basi watu wanachoka. Lazima niwape kitu cha kuwatia nguvu zaidi."

Na hivyo ndivyo ilivyokwenda. Sisi tukipunguza, yeye akizidisha. Alikwenda Kahama mara ya pili, akarudi na kopo la kakao. Alipata asali ya nyuki wadogo kutoka kwa watu wa msituni. Alianika maganda ya machungwa, akayasaga. Alikonda, macho yakaingia ndani, maana wiki nzima alikuwa kwenye moto, na pombe nyingine ya kuuza hakuipika. Jumapili ya tano tulichimba pima moja. Ya sita, ile ya kakao, nusu pima. Watu walikuwa karibu hamsini, wakiimba.

Nimejitetea mara nyingi. Nimesema mimi nilikuwa mzee kati ya vijana, ningesema nini? Lakini nilijua nyumba ya Didia. Nilikuwa nimeiona sahani kwa macho yangu. Wale wengine hawakuiona.

Zilibaki pima moja na nusu. Tukiacha uvivu, Jumapili ya saba ingetosha. Nadhani wengi tulikwisha kubali moyoni kwamba hiyo ndiyo ya mwisho, tumtoe mtu.

Alhamisi, wiki moja na siku kidogo kabla ya uchaguzi, wingu lilitoka upande wa ziwa mchana kweupe. Haikuwa mvua ya kuanzia msimu, ilikuwa kama mtu amepindua pipa. Tulisikia duara linaguna. Tulipofika, nguzo za Marselino zilikuwa zinaelea, kuta zote zimeteremka, na kile tulichokuwa tumekitoa kwa Jumapili sita kilikuwa kimerudi mahali pake, na maji juu yake mekundu.

Philomena alikuja. Alipita katikati yetu akaenda mpaka mdomoni, akasimama na vidole vya miguu vikiwa hewani. Hakuna aliyetamka neno mwiko. Marselino alivua kofia. Ignas alianza kulia kwa sauti, kama mtoto, akisema, "Mama tusamehe, mama tusamehe." Yeye hakumgeukia. Alikaa pale mpaka mvua ilipokatika. Kisha akasema, "Jumapili mje. Mtungi uko tayari."

Tulidhani amechanganyikiwa. Jumapili tulikwenda, kwa sababu hakuna aliyethubutu kutokwenda. Tulikaa chini. Aligawa mwenyewe, mtu kwa mtu, akimtaja kila mmoja kwa jina lake au jina la mwanawe. Wengine walisema hawastahili. Akawaambia, "Mtu akiitwa kazini hupewa. Pokea." Povu lilikuwa lilelile, weusi uleule. Nikaonja.

Ilikuwa chungu. Nafaka iliyokaangwa na chachu, basi. Hapakuwa na guru, hapakuwa na iliki, hapakuwa na chochote. Niliinua macho nikaona kila mtu ameshika kibuyu mdomoni na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kukishusha. Tuliimaliza. Tuliinywa mpaka mashapo, na yeye alisimama mpaka mtungi ukawa mtupu, akaufunika kifudifudi.

Kesho yake alifunga mizigo. Nilimsaidia kupandisha kwenye lori. Kapu lake moja lilifunguka, na humo nikaona vipande viwili vikubwa vya sukari guru ndani ya gazeti la Kahama, na iliki kwenye kitambaa, imejaa. Havijaguswa. Nikabaki nimesimama navyo mkononi, nikihesabu. Mtungi ule aliuanza Jumatatu, kama yote. Guru huingia siku ya pili. Siku ya pili ilikuwa Jumanne, na mvua ilinyesha Alhamisi.

Alikwenda Didia peke yake. Nilisikia kwamba alikaa na yule bibi miezi mitano, na kwamba sahani iliendelea kuwekwa chini ya kawa, siku hizo ikiwekwa na yeye. Bibi alipofariki alizikwa vizuri, na Philomena akamchukua binti yake Ushetu wakahamia Runzewe, akawa anauza maandazi na chai karibu na stendi. Pombe hakupika tena, nyeusi wala nyeupe. Watu waliokuwa machimboni walikuwa wakimfuata, wanamwomba hata mtungi mmoja wa sikukuu. Alikuwa akiwamiminia chai.

Nilipita Runzewe mwaka wa tisini na tisa. Rhoda alikuwa amekuwa msichana, akaniamkia, "Shikamoo babu." Mama yake alikuwa anageuza maandazi, kiganja kimoja karibu na karai. Alinitambua. Hakuonyesha hasira, alinipa kigoda, akaniuliza habari za safari, habari za miguu yangu. Nilikula andazi. Lilikuwa na iliki.

Nikamwuliza lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ya lori. Nilimwuliza kwa sauti ya chini ili binti asisikie. Akaniongezea chai, akageuka kuhudumia watu wa basi, na basi lilipoondoka akaanza kuosha vikombe. Nilingoja mpaka jua likalala. Nimewauliza na wengine, Ignas kabla hajafa, Marselino pia, kama labda waliwahi kusikia kutoka kwake.

Mama Rhoda, ni Jumapili ya ngapi ulipojua kwamba tunachelewa kwa makusudi, na baada ya kujua, uliendelea Jumapili ngapi kututilia iliki?